Anayepanga maboksi ni "dokta", mfamasia ni "sista": utafanyaje?

Kijana aliyekuwa akifungua maboksi kwenye famasi yetu Mwanza aliishia darasa la saba, na alikuwa kijana mzuri tu. Kila asubuhi wateja walinipita mimi nikiwa kaunta na koti langu jeupe, wakanyoosha shingo kumtafuta yeye kule nyuma: "Dokta, hebu njoo mara moja." Mimi nilikuwa "sista", nilikuwa "dada", na siku ya mvua watu wakikosa subira nilikuwa "wewe binti". Miaka minne ya chuo, mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini, mtihani wa Baraza la Famasi, halafu dokta ni yule mwenye kisu cha kukatia gundi.

Sasa nina famasi yangu mwenyewe Morogoro, ndogo, karibu na Msamvu, na kila mwaka napokea wasichana wawili watatu wanaotoka chuoni. Wote wanaanza na swali lilelile, wakiuliza kwa machozi au kwa hasira: wateja wakiniruka mimi wakamwita mwanaume asiyesomea dokta, nifanyeje? Haya ndiyo ninayowaelekeza. Mdogo wangu unayeanza kazi mwezi ujao, soma ukiwa na kalamu mkononi, maana mengi ya humu ni ya kuandika.

Kaunta

Nenda kwa fundi cherehani akudarizie koti mfukoni: jina lako, na chini yake neno MFAMASIA kwa herufi kubwa, kwa uzi wa rangi iliyokolea. Beji ya plastiki inageuka na kuonyesha mgongo. Uzi haugeuki. Cheti chako cha ufamasia nacho kitundikwe pale mteja anapotazama akisubiri chenji, kisikae nyuma ya mlango wa stoo nilikowahi kukikuta changu.

Lakini koti halisemi, wewe ndiye wa kusema. Sentensi ya kwanza iwe hii: "Karibu baba, mimi ndiye mfamasia wa hapa. Naomba nione cheti chako cha dawa." Neno "ndiye" lina kazi yake hapo, usiliache. Mkono uwe umeshanyooshwa kupokea karatasi. Mtu akishakupa karatasi yake, mjadala wa nani ni nani umekwisha.

Na shikamoo? Wenzangu wa Dar huniambia shikamoo inakushusha, eti mtaalamu hamwamkii mteja. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mzee wa miaka sabini mpe shikamoo yake, nzuri, ya kueleweka. Akishaitikia marahaba amekuwa mzazi wako kwa dakika tano, na mzazi anamsikiliza mtoto aliyesoma. Wazee walionisumbua sana ni wale niliowaanza kwa "habari yako".

Kitu kilichonisaidia kuliko vyote hakikutoka kwangu, kilitoka kwa yule kijana wa maboksi. Siku moja nilimwita pembeni, nikamwambia: mteja akikuita dokta, usicheke, wala usije. Sema tu, "Mfamasia ni huyo hapo mbele yako, mimi napanga mzigo." Alikubali. Baada ya wiki chache wateja wa kila mwezi, wale wa presha na sukari, walikuwa wananiulizia kwa jina. Kwa hiyo kabla hujagombana na wateja, ongea na wanaume unaofanya nao kazi. Wateja ni wengi, kijana wa stoo ni mmoja.

Kuna mteja mmoja ambaye hupaswi kumwachia mtu mwingine kirahisi. Ni mwanaume wa makamo, anaingia, anazungukazunguka kwenye rafu ya dawa za meno, halafu anasema kwa sauti ya chini: "Naomba niongee na mwanaume mwenzangu." Unajua anachotaka. Nilipokuwa mgeni kazini nilikuwa namwonea huruma, nasogea pembeni, anaongea na kijana, anauziwa sildenafil, dawa ya nguvu za kiume, na kuondoka. Siku moja niliona mmoja wao akitoa pochi, na ndani ya ile pochi kuna karatasi ya vidonge vya isosorbide, vile vya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Dawa hizo mbili zikikutana mwilini presha inaweza kuporomoka ghafla, na mtu akafa. Nilimshika mkono, nikamrudisha ndani. Alinichukia kwa nusu saa.

Tangu siku ile ninafanya hivi. Naweka karatasi na kalamu mwisho wa kaunta, upande usio na watu. Namwambia mteja, "Andika hapo, hakuna atakayesikia." Akishaandika, naelekeza macho yangu kwenye karatasi, simwangalii usoni, nauliza maswali mawili kwa sauti ya kawaida kabisa: unatumia dawa gani ya moyo au presha, na umewahi kuumwa kifua ukitembea? Ukishusha sauti kupita kiasi unamwambia kwamba jambo lake ni la aibu.

Haya hutokea kwa wanaume wenzetu pia, tusijifanye hatuoni. Mfamasia wa kiume ninayefanya naye kazi sasa, akina mama hawamwambii kuhusu muwasho wa ukeni. Wanasubiri dirishani mpaka mimi nirudi kutoka kula. Kanuni yangu ni hii: mteja akichagua kati ya watu wawili waliosomea, mwache achague, stara ni haki yake. Akichagua kati ya aliyesomea na asiyesomea, mkatalie kwa upole, hata kama ni mteja mkubwa wa duka.

Na binti akija kutaka P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, yule mwenzio wa zamu akaanza kumuuliza ameolewa na nani na mama yake anajua, ingilia. Ile dawa ina saa 72 baada ya tendo, na kila saa inayopita inaipunguzia nguvu. Maswali ya kuuliza ni tendo lilikuwa lini, hedhi ya mwisho ilikuwa lini, na anatumia dawa gani nyingine. Mahubiri ayatafute kwingine. Nasema hivi kwa sababu nimesikia wafamasia wanawake wakihubiri kuliko wanaume.

Simu kwa daktari

Hili ni fupi lakini lina uzito. Utaletewa cheti kimeandikwa methotrexate ya maumivu ya viungo, kila siku, wakati dawa hiyo kwa ugonjwa huo ni mara moja kwa wiki. Kosa la namna hiyo linaua. Unapiga simu, daktari anasikia sauti ya kike, anasema, "Niitie mfamasia."

Jibu: "Unaongea naye." Kisha usinyamaze. Endelea palepale: jina la mgonjwa, dawa, dozi iliyoandikwa, dozi unayopendekeza, swali. Usianze na "samahani dokta kukusumbua", hujamsumbua, umemwokoa. Akikata simu, dawa haitoki. Andika kwenye daftari saa, jina lake, ulichosema, alichojibu. Mimi nimeitwa mbele ya kamati ya hospitali mara moja tu kwa kuzuia dawa, na ukurasa ule ndio ulioongea kwa niaba yangu. Sikufungua mdomo sana.

Usaili na mkataba

Utaulizwa, "Umeolewa? Una mpango wa kuzaa karibuni?" Mwanaume uliyesoma naye ataulizwa anaweza kuanza lini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza kubagua kwa jinsia, ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya familia, na inamlinda hata mwombaji kazi ambaye bado hajaajiriwa. Tena ukishaonyesha dalili za kutosha za ubaguzi, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua. Kujua hivyo kunakunyoosha mgongo. Sikushauri uikariri mbele ya tajiri, kazi utaikosa hata kama una haki. Sema: "Bosi, nikiwa na dharura yoyote, ya uzazi au ya msiba, nitakuachia kazi kwenye maandishi na duka halitasimama. Naomba nikuonyeshe ninavyokabidhi." Nitalieleza hilo la kukabidhi mwishoni, ndilo kubwa.

Mshahara usiutaje wa kwanza, na usikubali wa kwanza. Kwenye kazi yangu ya pili niligundua mwenzangu wa kiume, tuliyehitimu mwaka mmoja, analipwa laki mbili zaidi. Niligundua kwa bahati, karatasi yake ya mshahara ilibaki kwenye mashine ya kutoa kopi. Nilipouliza nikaambiwa yeye ana familia. Mimi nilikuwa nasomesha wadogo zangu watatu. Siku hizi nawaambia wasichana: pigieni simu watu watano mliosoma nao, wa kiume wawe watatu, waulizeni wanalipwa ngapi. Wanaume wanataja mshahara wao haraka kuliko sisi. Nenda kwenye usaili na namba hiyo kichwani.

Angalia pia cheo watakachokupa. Wamiliki wengine watakuita "meneja" siku ya kwanza, ukafurahi, ukapiga picha. Masharti ya sheria kuhusu saa za kazi, yale ya saa 45 kwa wiki na malipo ya ziada, hayamgusi mtu anayesimamia wenzake na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Kwa hiyo umeneja ukija bila nyongeza ya maana, uulize una kazi gani. Kama si meneja na unapangiwa usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, kila saa ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Nauli ya kurudi nyumbani usiku ijadili wewe, iandikwe kwenye mkataba. Bodaboda ya saa sita usiku si ya kuachia huruma ya mtu.

Sasa lile la hatari. Atakuja mmiliki, mtu mzima, mpole, atakwambia: "Binti yangu, una mtoto mchanga, huna haja ya kuja kila siku. Mimi nahitaji jina lako tu ukutani, kila mwezi nakutumia kitu kwenye simu." Inasikika kama huruma kwa mama. Wenzangu wengi wanawake wameingia humo, kwa sababu ndiyo njia pekee waliyoona ya kulea na kupata hela kwa wakati mmoja. Chini ya Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 mfamasia msimamizi ndiye anayebeba duka mabegani. Mkaguzi akikuta muuzaji asiyesomea anagawa dawa za usingizi, jina ukutani ni lako, na Baraza la Famasi litakuita wewe. Mmiliki atatafuta jina lingine kesho yake. Kataa, lakini usikatae ukaondoka. Mwambie: "Nipe saa nne kwa siku, nilipe za saa nne, na saa zangu ziandikwe." Wawili kati ya watatu niliowaambia hivyo walikataa. Wa tatu alinipa kazi iliyonikuza kuliko zote.

Shika oda

Kaka wa kaunta huwa mmoja na dada wa kaunta huwa wanne, umeona? Wasichana wanawekwa mbele kwa sababu "wateja wanapenda tabasamu". Wavulana wanapelekwa stoo kwa sababu "maboksi mazito". Mwanzoni ni mgawanyo wa mizigo tu. Baada ya miaka miwili yule wa stoo anajua bei za kununulia, anajua kipi kinaisha muda lini, anajuana na wauzaji wa jumla, anajua dawa gani inaingiza faida. Tajiri akifungua tawi la pili, atamchukua nani?

Kwa hiyo mwezi wako wa kwanza usipite bila kuomba kitu kimoja: kuhesabu mzigo. Hakuna anayekunyima kazi ngumu. Hesabu, linganisha na leja, tafuta dawa zitakazoisha muda ndani ya miezi sita, mpelekee mmiliki orodha yenye thamani kwa shilingi. Siku ya kwanza nilipofanya hivyo nilikuta katoni nzima ya sindano imebakiza majuma saba, tukaiuza kwa zahanati ya jirani kwa bei ya chini badala ya kuiteketeza. Wiki iliyofuata niliitwa ofisini, nikapewa oda ya dawa za watoto. Polepole zikawa zote.

Boksi zito? Muombe kijana akunyanyulie. Kujua bei hakuhitaji misuli.

Ukiwa mjamzito

Toa taarifa ya maandishi angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, uambatanishe cheti cha daktari, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri au kusainiwa imepokelewa. Wengi wanasema kwa mdomo, kisha bosi anasahau. Likizo ni siku 84 zenye malipo, mapacha siku 100. Unaweza kuanza wiki nne kabla. Miezi miwili kabla ya kujifungua hupangwi zamu ya usiku, na miezi miwili baada yake vilevile. Ukirudi, unarudi kwa masharti yaleyale uliyoacha, na una hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya saa za kazi.

Kama uko hospitali na kazi yako ni kuchanganya dawa za saratani, usisubiri tumbo lionekane. Andika barua wiki unayopata majibu, omba uhamishiwe kitengo kingine. Sheria hairuhusu mjamzito wala anayenyonyesha apewe kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto. Mimi niliona aibu kusema mapema, nikaendelea wiki tano. Mwanangu ni mzima, ila zile wiki tano bado naziota.

Wakikufukuza kwa sababu ya mimba, siku zinahesabika: una siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usizimalize kwenye vikao vya ukoo. Lalamiko lisilo la kuachishwa kazi, kama mshahara mdogo kuliko wa mwenzio, lina siku 60.

Daftari la makabidhiano

Mwaka 2023 Claudia Goldin, mwanauchumi wa Marekani, alipata tuzo ya Nobel. Miaka kadhaa kabla ya hapo, yeye na mwenzake Lawrence Katz waliwachunguza wafamasia wa kwao. Mwaka 1970 wanawake walikuwa wachache sana. Baadaye wakavuka nusu, na tofauti ya malipo kwa saa ikapungua sana ikilinganishwa na kazi nyingine za wasomi. Sehemu kubwa ya sababu ni ya kawaida kabisa: kumbukumbu za mgonjwa ziliingia kwenye kompyuta, dawa zikawa zinatoka kiwandani zimeshatengenezwa, maduka ya mtu mmoja yakapungua. Mfamasia mmoja akawa anaweza kuishika kazi ya mwingine palepale ilipoishia. Aliyefanya saa chache akalipwa saa zake bila kuadhibiwa.

Nilipoelewa hilo nilimkumbuka kila tajiri aliyewahi kuniambia "wewe utazaa, duka litakufa". Hofu yake ilikuwa ya kweli, maana kila kitu kilikuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Basi nunua kaunta buku ya kwaya tatu, isiyo na kazi nyingine. Kila mwisho wa zamu andika: dawa zilizokwisha na oda iliyotumwa kwa nani, mgonjwa aliyepewa nusu dozi na atarudi lini, cheti chenye shaka na daktari aliyepigiwa, dawa tiba zenye asili ya kulevya zilizobaki, kwa idadi, mkihesabu wawili, joto la friji, deni la nani. Mnaokabidhiana msaini wote. Dakika kumi, si zaidi. Kurasa zangu za mwanzo zilikuwa insha, hakuna aliyezisoma. Andika kwa mkato.

Na nikiri la kwangu. Mwaka juzi yule mfamasia wangu wa kiume alikuja kuomba likizo yake ya uzazi ya siku tatu, mkewe amejifungua. Mdomo ukanitoka kabla ya akili: "Kwani mama mkwe wako hayupo?" Alinyamaza. Nikasikia sauti ya tajiri wangu wa Mwanza ikitoka kooni mwangu mwenyewe. Nilimpa zile tatu, nikamwongezea mbili. Siku ya pili mama mmoja wa kifafa alikuja kufuata nusu ya dawa zake, na kila kitu kilikuwa ukurasa wa jana yake, kwa mwandiko wake mbaya: jina, idadi, bei aliyokwisha kulipa.

Isipokuwa friji. Joto la friji alisahau kuandika, na aliporudi nilimgombeza kama ningemgombeza mtu yeyote.